Elodie wa Nani

Alphonse alikosea jina moja tu, lakini alilikosea ndani ya maikrofoni.

Angelikosea nyumbani, mkewe angemtukana na mambo yangeisha. Angelikosea sokoni, watu wangecheka na kuendelea kununua vidagaa vyao vya sambaza. Yeye alilikosea mbele ya keki ya ghorofa tatu, padri ameketi mstari wa mbele, ndugu wa pande zote mbili wamejipanga kwa ajili ya picha, katika jubilei ya ndoa ya mtu anayempangisha nyumba. Kuna watu ambao hata shida ikiwakimbia, wao wanaifuata na gitaa. Alphonse ni mmoja wao, na nasema hivyo nikiwa nampenda.

Mwenye sherehe alikuwa Papa Zagabe, muuzaji wa saruji na mabati, mwenye kiwanja kikubwa katika mtaa wa Nguba. Nyumba yake ya ghorofa iko mbele. Nyuma yake kuna nyumba ndogo za wapangaji, na katikati robine moja wanayochotea maji wote. Katika nyumba mojawapo anakaa Alphonse na mkewe Godelive, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na binti yao Chancelle anayemaliza chuo kikuu. Alphonse ndiye kiongozi wa orchestre iitwayo Toujours Jeunes, ambamo aliye kijana kuliko wote ana miaka hamsini na mbili. Hawatungi kitu. Wanapiga nyimbo za wengine, za zamani: roki na slow za wazungu zilizochezwa na baba zetu wakiwa na suruali pana chini, na rumba kidogo za kuwapumzisha wazee. Nywele zao wote ni nyeusi kupita kiasi, kwa sababu wanachangia pakiti moja ya rangi.

Sasa, huko kwetu kwa mwimbaji kuimba hakutoshi. Lazima awatupie watu majina. Mtu anakuja kucheza na mpenzi wake, anabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, na mwimbaji analitia jina lake katikati ya wimbo ili ukumbi mzima usikie. Ndiyo inayoitwa libanga, na tangu benki zifunge milango na harusi zipungue, wanamuziki wengi wanakula libanga kuliko wanavyokula muziki. Papa Zagabe alipenda sana libanga. Kila Ijumaa, kwenye hoteli moja kando ya ziwa wanapopiga Toujours Jeunes, alifika na msichana mmoja aitwaye Elodie, akaagiza slow ileile ya Kiingereza, na Alphonse akatupa: “Zagabe na Elodie, mapendo ya milele!” Kila Ijumaa wimbo uleule, mahali palepale, kabla ya gitaa kuingia.

Alphonse hajui Kiingereza. Hakuna anayekijua katika Toujours Jeunes. Nyimbo zile walijifunza kwa kusikiliza kaseti, sauti baada ya sauti, na kwa Alphonse kila wimbo ni kamba moja: ukishika mwanzo, yote inakuja hadi mwisho bila kumuuliza. Jina la Elodie lilikuwa limeshafungwa ndani ya kamba. Asubuhi nzima ya jubilei alijiambia Rosette, Rosette, Rosette, maana Rosette ndiye mke wa Zagabe, mama wa watoto wake, na ndiye aliyekuwa amevaa gauni jeupe siku hiyo. Alimjua vizuri, walisalimiana kila siku kwenye robine. Lakini Rosette mwenyewe akaomba slow ile, kwa sababu ndiyo waliyoicheza siku ya harusi yao, yeye na Zagabe. Wimbo ukafika pale, na kinywa cha Alphonse kikaenda peke yake.

“Zagabe na Elodie, mapendo ya milele!”

Ngoma ziliendelea kidogo. Murhula, mpigaji, alieleza baadaye kwamba masikio yalisikia ila mikono haikuamini. Halafu zikakatika. Padri aliitazama keki. Zagabe alicheka kicheko kirefu cha mtu anayetafuta mlango. Rosette alikuwa ameshika kisu, na kisu kile kilibaki hewani muda ambao hakuna aliyeupenda. Kisha akakata keki. Aliikata vizuri, vipande sawasawa, akampa padri cha kwanza.

Godelive alikuwa ameketi meza ya wapangaji, huko nyuma karibu na jenereta. Alijifunika uso kwa kitambaa cha meza na kusema taratibu, “Ee Mungu, huyu mwanaume.”

*

Jumapili baada ya misa, Zagabe alimwita Alphonse gereji. Hakumwita sebuleni, alimwita gereji, mahali orchestre inapohifadhi vyombo vyake bure: spika, ngoma, kinanda, gitaa la besi. Zagabe aliwapa nafasi hiyo kwa kupenda muziki, kama alivyokuwa akisema. Sasa alikuwa amekalia spika mojawapo.

“Alphonse, weye uko mutu muzima?”

“Niko, Papa.”

“Nani alikutuma kutaja ile jina?”

“Papa, ni kinywa. Ile chanson, kila vendredi...”

“Nyamaza na vendredi yako!” Zagabe alitazama mlangoni, akashusha sauti. “Bibi yangu hajasema kitu tangu jana. Hata kidogo. Anapika, anaweka ku meza, anaenda. Unajua ginsi iko nguvu kukula chakula ya mutu mwenye hasemi?”

Alphonse alitikisa kichwa kwa huruma. Yeye kwake haikuwa shida hiyo, Godelive alikuwa akisema tangu jana bila kumeza mate.

“Sikiliza,” Zagabe akasema. “Elodie ni wako.”

Alphonse alidhani anapewa zawadi, akaanza kukataa kwa adabu. “Hapana, Papa, siwezi. Miye niko na bibi, na ku kanisa banatujua...”

“Imbécile! Nasema tutasema ni wako. Ni deuxième bureau yako, muke yako ya pembeni. Ulikuwa unamufikiria yeye, njo jina yake ikakutoka. Miye simujui hata sura. Unasikia?”

“Nasikia, Papa.”

“Na haiko weye utasema. Weye ni mwanamuziki, nani atakuamini? Bibi yako njo atasema. Mercredi shirika ya kanisa iko kwetu, bamama yote batakuwa pale, bale balikuwa ku fête. Akisema mbele yao kwamba bwana yake anamusumbua na muke mwenye anaitwa Elodie, mambo imekwisha. Kama haiko vile, ku mwisho ya mwezi mutoke mu nyumba, na hizi vyombo zitoke mu garage. Batu benye banatafuta nyumba ni bengi.”

Alisimama, akaipigapiga ile spika kwa kiganja kama mtu anayeaga ng'ombe.

*

Godelive alikuwa anachambua maharage. Alphonse aliketi mbele yake kwenye kigoda, akaanza kumsaidia, na hapo ndipo mkewe alipojua kwamba habari ni mbaya, maana Alphonse hajawahi kugusa harage ambalo halijaiva.

“Sema.”

“Anasema tutoke ku mwisho ya mwezi.”

“Nilijua.”

“Ama...”

“Ama nini?”

Akamwambia. Alieleza kwa mzunguko, akaanza na uchumi wa nchi, akapita kwenye urafiki wake na Zagabe, akafika kwa Elodie akiwa amechoka. Godelive aliacha maharage.

“Donc miye Godelive niende mu salon ya batu, niseme bwana yangu iko na muke ingine.”

“Ni ya kusema tu. Haiko kweli.”

“Najua haiko kweli! Njo inaniuma!”

Na ilimuuma kwa sababu ambayo Alphonse, na akili zake za Ijumaa, hakuifikiria. Godelive alipoolewa na mpiga gitaa, ukoo mzima ulimwonya. Shangazi zake walikuja mmoja mmoja kumwambia kwamba mwanamuziki ana mke kila bar. Maisha yaliupa ukoo haki katika mambo mengi: fedha hazikuonekana, mume alilala mchana, na suti ya kung'aa ilining'inia mlangoni mahali ambapo wengine wanatundika picha ya Bikira Maria. Lakini hilo moja walikosea. Alphonse alikuwa na kasoro zote za dunia, ila wanawake hapana. Alipiga, alikunja nyaya zake, alirudi nyumbani. Godelive alikuwa na hilo moja la kujivunia katika ndoa yake, na alijivunia. Shirikani wenzake walipolia juu ya waume zao, yeye alishika rozari akanyamaza, na kimya chake kilijulikana na wote. Hicho ndicho Zagabe alichokuwa anakitaka kama malipo ya nyumba.

“Alphonse,” alisema, “nilikubali gitaa. Nilikubali rangi ya kichwa, inachafua mito yangu yote. Nilikubali Murhula kukula hapa kama mutoto wa nyumba. Sikusema kitu. Sasa hata bwana mwaminifu haunibakishie?”

“Mais tutalala wapi, Godé?”

Godelive akamrudishia sahani ya maharage. “Chambua. Kama ulianza, maliza.”

Chancelle alitoka chumbani, daftari mkononi, amesikia yote. Nyumba zile kuta zake ni za kuazima.

“Papa, na miye ku chuo, mu auditoire, nitasema nini? Bamoja mu promotion yetu, bamama yao bako mu hii shirika.”

“Sema ni mambo ya bakubwa.”

“Aa, franchement,” alisema Chancelle, akarudi ndani. Mlango haukufungwa kwa nguvu, kwa sababu ulikuwa hauna komeo, lakini nia ilionekana.

*

Jumatatu baada ya shule Godelive alianza kutafuta nyumba. Alimpata komisioneri, kijana mmoja wa maneno mengi anayetembeza watu kwenye nyumba za kupanga na kudai chake hata kama nyumba ni shimo. Walipanda pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva, hadi mtaa wa Kasha. Huko alionyeshwa vyumba viwili kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeondoka na mvua, na mahali pake palisimamishwa turubai.

“Hapa kuko hewa,” komisioneri alisema.

“Naiona.”

Nyumba ya pili ilikuwa nzuri, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa heshima aliyemkaribisha na kiti. Aliuliza kazi ya Godelive, akafurahi kusikia ni mwalimu. Akauliza kazi ya bwana.

“Ni mwanamuziki.”

Yule mama akatabasamu na kuvuta kidogo kiti chake mwenyewe nyuma. “Ya kanisa?”

“Hapana. Ya... zamani. Slow na roki.”

“Aa. Na loyer ya nyumba atanilipa na libanga?” Komisioneri alicheka, na yule mama akaendelea: “Usikasirike, maman. Hapa tunaomba garantie ya miezi sita, mbele. Kwa banamuziki, miezi kumi.”

Godelive aliaga vizuri. Kurudi alitembea, kwa kuwa pesa ya pikipiki ilikuwa imekwenda kwa komisioneri, na mvua ikampata kabla ya kufika mjini. Alitembea na viatu mkononi kupitia matope, mwalimu mzima, na wanafunzi wake wawili wakampita chini ya mwavuli wakisema kwa pamoja, “Bonjour, maîtresse!” Aliwajibu kwa tabasamu, na alikuwa na hasira hata na mvua.

Alipofika nyumbani akakuta Toujours Jeunes wamejaa sebuleni. Murhula alikuwa amekalia kiti chake. Josué, mpiga kinanda, alikuwa anamalizia bugali na sombe ya majani ya muhogo ambayo Godelive aliiacha kwa ajili ya jioni.

“Maman,” Murhula akaanza, akisimama kwa heshima na kuketi tena palepale, “sisi tulifikiri pamoja. Vyombo ziko mu garage. Kama banatufukuza, orchestre inakufa. Na hakuna mutu atakufa na kusema maneno mbili.”

“Enda useme weye, Murhula. Sema Elodie ni wako.”

“Miye niko mujane. Haitashangaza mutu.”

“Kitu ya lazima,” alisema Josué, akilamba kidole, “ni asilie mapema. Anza polepole, maman. Sawa vile slow. Unaingiza bwana, kisha jina ya Elodie, unanyamaza kidogo, kisha ku refrain, pale bote banaitikia, njo unalia.”

“Kisha unarudilia refrain,” Murhula akaongeza.

Walikuwa wanasema kweli kabisa, hawakuwa wanatania. Wanaume wanne wenye nywele nyeusi walikuwa wameketi kwenye sebule yake, wakimpangia machozi yake yaingie wapi na yatoke wapi, na mumewe katikati yao akikubali kwa kichwa na vidole vyake vikihesabu mapigo kwenye goti. Godelive alisimama mlangoni akidondosha maji. Hapo aliwachukia wote, na Alphonse zaidi, kwa sababu uso wake ulikuwa na wema uleule wa siku zote. Huwezi hata kumchukia vizuri mtu kama yule.

“Mutoke,” alisema.

“Maman, mvua...”

“Mutoke na mvua!”

Walitoka. Josué alibeba tonge la mwisho mkononi.

Alphonse alibaki, akamletea kikwembe kikavu cha kujifunga, akapiga magoti kumfuta miguu matope. Godelive alitazama utosi wake, mahali ambapo rangi ilikuwa imeanza kuachia mvi. Aliwaza juu ya ile turubai ya Kasha, na Chancelle akitetea mémoire yake ya kumaliza chuo mwisho wa mwaka, akisoma wapi, kwenye mwanga gani. Aliwaza miezi kumi ya garantie.

“Nitasema mara moja,” alisema. “Moja. Kisha usiniombe tena kitu mu hii maisha, hata chumvi.”

“Aksanti, Godé.”

“Usiniambie aksanti.”

*

Shirika ni ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Inakutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanaimba, wanachangia wagonjwa, wanasikia habari za watu. Jumatano ile viti vya Rosette vilijaa na wengine wakaketi kwenye zulia. Sijawahi kuona shirika lenye bidii kama lile. Hata wale wanaosema kila wiki kwamba miguu inawauma, miguu ilikuwa imepona.

Rosette alikuwa amevaa kikwembe cha kawaida, amefunga kichwa, anagawa vitabu vya nyimbo. Hakuna aliyemtaja Elodie. Hakuna aliyetaja jubilei, ila mmoja aliyesifu keki kisha akatamani ardhi immeze.

Baada ya Injili, Maman Constance, kiongozi wao, aliuliza kama kuna mwenye nia ya kuombewa. Godelive alisimama. Alikuwa ameandaa sentensi moja, fupi. Ilipofika kinywani ikawa haitoki.

“Bamama,” alisema, “ni ju ya nyumba yangu.”

“Sema, maman Chancelle.”

“Ile jina yenye mulisikia samedi ku fête. Ile... Elodie.” Vitabu vya nyimbo vikafungwa. “Ni muke wa bwana yangu. Alphonse. Ananitesa naye siku mingi. Njo alikuwa anamufikiria, na jina ikamutoka. Haiko ya hapa. Haiko ya Papa Zagabe. Ni yangu.”

Akaketi. Hakulia. Josué angesikitika sana. Lakini aliikalia mikono yake, kama anavyowakataza wanafunzi wake kufanya.

Wanawake walivuta pumzi pamoja. Kisha zikaanza pole. Mmoja alimshika bega, mwingine akamwambia kwamba hata yeye yamemfika, mwingine akasema alijua siku nyingi, mtu wa kupaka rangi nywele hapaki kwa ajili ya mkewe. Godelive alizipokea zote. Alikuwa amekaa miaka katika viti vile bila kuhurumiwa, na sasa alilipwa yote siku moja. Maman Constance alifunga macho, akaomba Mungu aiponye nyumba ya Godelive, amgeuze Alphonse, na huyo Elodie, popote alipo, amvunje mguu.

“Amina,” Godelive akasema pamoja na wengine.

Mtu mmoja tu hakusema pole. Rosette alimletea glasi ya maji juu ya sahani, akasimama mbele yake hadi ilipokwisha, akaipokea. Hakuuliza kitu. Hakuuliza huyo Elodie ana umri gani, anakaa wapi, ni binti wa nani. Godelive, ambaye alikuwa ameandaa majibu ya yote hayo, aliona jambo hilo na hakujua aliweke wapi.

Halafu mlango wa ndani ukafunguka na Papa Zagabe akaingia, funguo za gari mkononi, kama mtu aliyekuwa anapita tu. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango ule tangu Injili.

“Maman Chancelle, nimesikia. Pole. Pole sana.” Aliweka mkono kifuani. “Banamuziki njo vile. Lakini usichoke. Miye nitaongea na Alphonse, nitamuonya sawa muzee. Mwanaume mwenye akili hawezi kudharau ndoa.”

Wanawake kadhaa walisema, “Aksanti, Papa.”

Godelive alimtazama. Alitaka kusema neno moja, lolote, hata tusi dogo la Kishi, lugha ya kwao. Alifikiria nyumba. Akasema, “Aksanti, Papa.”

*

Jioni ile Zagabe alituma soda kwa wapangaji wote. Alphonse aliambiwa kwamba nyumba imebaki, gereji imebaki, na Ijumaa wasichelewe hotelini. Alikuja kumweleza mkewe habari hizo njema akakuta amejilaza, uso ukutani, macho wazi.

Asubuhi maji yalirudi baada ya kukatika siku nzima, na wapangaji wote walipanga bidoni zao za maji kwenye robine. Godelive alifika na ya kwake. Mazungumzo yakashuka, kisha yakapanda tena juu ya mambo mengine. Walimpisha apite mbele. Hajawahi kupishwa mbele kwenye robine ile, naye alitamani wamrudishe nyuma wamgombeze kama zamani. Alphonse alikuwa mlangoni kwao anapiga mswaki. Wanawake walimtazama, wakatazamana. Mmoja alimwita mtoto wake asogee.

Ndipo Rosette akashuka ngazi za nyumba kubwa akiwa na beseni mkononi. Ana mfanyakazi wa kuchota maji, na hakuna aliyewahi kumwona akibeba beseni. Juu yake, kwenye baraza, Zagabe alikuwa anazunguka na simu sikioni, anauza saruji kwa sauti ya mtu mwenye afya.

Rosette alikuja hadi karibu na Godelive. Aliongea kwa sauti ya kusikika na wote, kama inavyompasa mwenye nyumba aliyeambiwa habari nzito.

“Maman Chancelle, pole. Pole sana na mambo ya bwana yako.”

Hapo kulikuwa na jibu moja tu, na Godelive alilijua. Asante, na kuinamisha macho. Alikuwa amelitoa jana mara nyingi, lingetoka tena bila shida. Akamtazama Rosette. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu na hayakukimbia. Yalikuwa macho ya mtu ambaye tangu Jumamosi hajapewa pole na yeyote, kwa sababu kila mtu amekubaliana kwamba hajafikwa na kitu. Nyumba ilikuwa nyuma ya Godelive, na mlango wake, na mumewe mlangoni na povu mdomoni. Alijua nyumba hiyo inaweza kwenda kwa neno moja tu.

“Aksanti, maman,” alisema. “Na weye pole.”

Mswaki wa Alphonse ukasimama. Bidoni ikajaa na kumwagika, na hakuna aliyeinama kufunga. Wale wanawake walitazama maji yakienda kwenye mfereji. Juu barazani, bei ya saruji ilikatika katikati.

“Rosette!” Zagabe aliita. “Rosette, panda!”

Rosette hakutazama juu. Aliisogeza ile bidoni iliyojaa, akaweka beseni lake chini ya robine, akasubiri lijae. Lilichukua muda wake.

“Aksanti,” alisema.

Kisha akafunga robine, akazungusha kitambaa kichwani, akainama. “Tusaidiane kutwika,” akamwambia Godelive. “Hii iko muzito.”

Godelive akashika upande wake.